Aliyegusa Vazi la Bwana

Mwinjili Marko, katika sura ya 5, atusimulia habari ya mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12. Alikuwa amepita mikononi mwa waganga wengi, akateseka sana, akatumia mali yake yote, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Tena tukumbuke sheria ya Walawi, sura ya 15: mwanamke wa hali hiyo alihesabiwa kuwa najisi, na aliyemgusa alikuwa najisi hata jioni. Basi juu ya maumivu ya mwili aliongezewa upweke.

Siku ile alijipenyeza katika msongamano, akaja kwa nyuma, akaligusa vazi la Yesu, akapona. Watu wengi walikuwa wakimsonga Bwana pande zote, lakini huyu mmoja alimgusa kwa imani. Wengine walisukumwa na umati; yeye alisukumwa na tumaini.

Sisi wa Ufipa twaijua safari ya mama huyu. Jina lenyewe la mji wetu wa Sumbawanga, wengi hulifasiri kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Hata hivyo, mgonjwa akikawia kupona, jamaa huanza kuuza: kwanza mahindi ya ghalani, kisha mbuzi, mwisho ng'ombe. Hatusemi juu ya mitishamba, ambayo Mungu mwenyewe aliiumba. Twasema juu ya ramli. Mpiga ramli hupokea fedha, naye humpa mgonjwa jina la mtu: shangazi, jirani, mara nyingi kikongwe asiye na mtetezi. Nyumba iliyokuwa na ugonjwa mmoja sasa ina miwili, homa mwilini na chuki moyoni. Na chuki ya namna hiyo imekwisha kumwaga damu ya wazee wasio na hatia katika nchi yetu ya Tanzania.

Angalieni sasa alivyotenda Bwana. Hakumwuliza mama yule ni nani aliyemroga, wala hakumtoza kitu. Yairo, mkuu wa sinagogi, alikuwa akimngoja kwa ajili ya bintiye aliye kufani. Hata hivyo Yesu alisimama, akamtafuta kwa macho yule aliyemgusa, akamsikiliza akisema kweli yote, kisha akamwita Binti. Mpiga ramli humpa mgonjwa jina la adui. Yesu alimpa jina la mtoto wa nyumbani. Mwili ulipona kwa siri, lakini alirudishwa katika jamaa mbele ya watu wote.

Je, imani hudharau hospitali? Hata kidogo. Yoshua bin Sira, sura ya 38, afundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, naye ndiye azitoaye dawa katika ardhi. Nasi tunao mfano wetu wenyewe. Adriano Atiman, mzaliwa wa nchi ya mto Niger, alitekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea utabibu Malta, akafika Karema, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Huko alitibu wagonjwa na kufundisha dini hata uzee wake, akafariki mwaka 1956. Hospitali ya jimbo mjini Sumbawanga yaitwa kwa jina lake. Katika mtu huyu tabibu na katekista walikaa pamoja, wala hawakugombana.

Tena Mama Kanisa anayo sakramenti kwa ajili ya wagonjwa, ambayo Mtume Yakobo aigusia katika sura ya 5 ya waraka wake. Zamani iliitwa Mpako wa Mwisho, na kwa sababu hiyo wengi huogopa kumwita padre, wakidhani ya kuwa analeta mauti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulieleza ya kuwa yafaa zaidi kuiita Mpako wa Wagonjwa, kwani si ya walio kufani peke yao. Na mwaka 1972 Papa Paulo VI alitoa utaratibu wake mpya. Basi mwenye ugonjwa mzito asingoje pumzi ya mwisho.

Twajua pia ya kuwa si kila aombaye hupona mwili. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, akapewa neema ya kuuvumilia. Kwa hiyo asije mtu akamwambia mgonjwa kwamba imani yake ni haba. Imani si fedha ya kununulia afya. Ni mkono ulionyoshwa kwa Bwana, naye ndiye ajuaye atakachotia mkononi.

Neno la mwisho latuhusu sisi wenye afya, kwa maana sisi ndio umati ule. Wako akina mama vijijini wanaojificha kwa maradhi ya aibu, kama fistula iletwayo na uzazi mgumu, hali madaktari waweza kuitibu kwa upasuaji. Jirani zao huwacheka, na waume wengine huwafukuza. Mama wa namna hiyo hawezi kufika kwa Bwana wala kwa tabibu ikiwa sisi tumeziba njia. Basi tumtembelee, tumsindikize zahanati, tumpe nafasi kanisani karibu nasi. Tumpishe apite.