Kupiga lipu bila nguo

SWALI: Joto la mwezi wa kumi hapa Likasi linanichosha. Nikiwa peke yangu ndani ya lupango, ninavua nguo zote nikipiga lipu na kupaka chokaa. Bibi yangu anakataa. Kuna ubaya gani?
Baba wa watoto watatu, Kikula

JIBU: Baba, kama ukuta ni mrefu na hakuna anayekuona, mambo ya aibu ni yenu ninyi wawili. Ukionekana barabarani, hapo sheria inaingia.

Mimi naogopa simenti. Ikishalowa maji inakuwa kali kama chokaa, na inaunguza polepole. Unapiga magoti juu ya zege asubuhi, husikii kitu. Jioni ngozi imetoka malengelenge. Mapajani na sehemu za siri, penye jasho na mikunjo, huumia vibaya zaidi. Tena simenti nyingi ina kromu, ambayo kwa wengine huleta upele sugu. Kobalti nayo huweza kuleta upele, na vumbi letu linayo: utafiti uliotolewa 2009 ulikuta kobalti nyingi kwenye mkojo wa Wakatanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini.

Vaa salopeti nyepesi ya pamba, glavu za mpira, boti, na miwani ukishika chokaa. Lakini suruali iliyolowa simenti ni hatari kuliko kuwa uchi: ivue palepale, ujimwagie maji safi dakika 20. Kidonda kikitokea, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Anza kazi saa kumi na mbili asubuhi, saa tano uache. Bibi yako ana haki, msikilize.