Kiziwi Kikosini: Kucheza Gemu za Vita kwa Macho

Machakos ina shule ya viziwi, kwa hivyo mwenye kibanda cha gemu mjini humo asishangae kiziwi akiketi na kutaka kucheza gemu ya bunduki ya kikosi. Gemu hizi hutegemea sikio mno: nyayo nyuma ya ukuta, bunduki inayojazwa risasi, bomu linalodondoka karibu. Asiyesikia huuawa bila kujua kapigwa kutoka wapi, na wenzake humdhania hajui kucheza. Anajua sana. Habari ndizo hazikumfikia.

Anza kwa kuchagua gemu inayochora sauti. PUBG Mobile huweka alama za nyayo na milio ya bunduki kwenye ramani ndogo ya pembeni. Fortnite huzionyesha kuzunguka katikati ya kioo, upande sauti inakotoka; ziwashe kwenye mipangilio. Call of Duty: Mobile hutoa nukta nyekundu ramanini adui anapofyatua, lakini akifunga kizuia sauti nukta hiyo haitokei.

Usitegemee maelezo ya matangazo. Zima sauti kabisa, ingia mechi ya faragha na rafiki, naye apite nyuma yako akitembea, kisha akikimbia, kisha akifyatua. Usichokiona kwenye kioo ndicho kikosi kitalazimika kukuambia.

Namna ya kuambiana ndiyo husumbua wengi. Wenzako wakijua Lugha ya Ishara ya Kenya, panganeni kwa ishara kabla ya mechi na baada ya kila raundi: nani anatangulia, nani analinda mlango. Mapigano yakianza, mikono yote imeshika simu na macho yako kiooni, kwa hivyo ishara hazifai tena. Hapo tumieni alama za ramani. Gemu ya Apex Legends ilipotoka Februari 2019, ilidhihirisha kwamba kitufe kimoja kinatosha kusema "adui yuko pale" au "twende huku". Kubalianeni kwamba kila anayemwona adui ataweka alama kwanza, hata kama wengine wanasikiana kwa maikrofoni. Kikosi kinachosahau hilo kimemwacha mwenzao peke yake.

Wewe nawe shika nafasi yenye ukuta mgongoni, na mwenzako anayesikia alinde nyuma. Ukiwa na mtego wa bomu, utege kwenye ngazi, ukilipuka utauona.

Anayesikia kwa sikio moja anaweza kuwasha sauti ya mono, inayounganisha pande zote mbili, kwenye simu ili asikose chochote, ila ajue itamnyima kujua sauti imetoka upande gani. Mimi ningeizima mono ikiwa gemu haina alama za kuonekana.

Mwenye kibanda, washa taa ya kutosha watu waonane mikono na nyuso. Ukiandaa mashindano, anzisha mechi kwa kuinua mkono au kuwasha taa, na sheria ziandikwe ukutani. Lugha ya ishara ni lugha rasmi ya Bunge tangu Katiba ya 2010. Basi nawe mtafute mkalimani mapema, kabla hujatangaza siku.