Vidonge Vilivyobaki

Mkoa wetu wa Ruvuma ndiko yalikoanzia Maduka ya Dawa Muhimu, mwaka 2003, nami nilikuwa nikidhani kazi ya muuza dawa ni kuuza tu.

Likizo iliyopita nilishikwa na malaria. Nikapewa dawa mseto, vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara sita, kwa siku tatu. Siku ya pili homa ikaniacha, nikaviweka vidonge 12 akiba. Nilijiona mwerevu sana!

Baada ya majuma mawili mdogo wangu, mwenye miaka minne, akachemka mwili. Nikaenda dukani kuuliza nimpe vidonge vingapi katika vile vyangu. Mama wa duka akaniuliza, “Amepimwa damu?” Hapana. “Anapumuaje?” Nikasema anahema upesi, na maziwa yote hutapika. Hakuniuzia kitu. Akaniambia, “Mwanangu, mpelekeni hospitali sasa hivi.”

Huko akakutwa na nimonia, wala si malaria. Vidonge vyangu visingemfaa hata kidogo.

Alipopona nilirudi kumshukuru yule mama. Ndipo akanieleza kwamba dawa mseto ni dawa mbili pamoja: moja huua vijidudu vingi upesi, nyingine hukaa siku nyingi katika damu ili kuwamaliza waliosalia. Kwa hiyo homa huondoka kabla ya vijidudu kwisha. Tena yafaa kuimeza pamoja na chakula chenye mafuta, au maziwa. Mimi nilimeza kwa maji matupu.

Vile vidonge 12 nilimrudishia.