AKIBA HAIOZI, ILA NYANYA ZINAOZA: Somo la Korona kwa wewe unayeuza chakula mtandaoni

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo tafuta pa kukaa, ulihifadhi, utalirudia ukipata nafasi.

Naanza na swali. Yule mteja aliyechukua kapu la mboga kwako, akakusifia, akaliweka hadi kwenye statasi yake, halafu akapotea: unajua lile kapu liliishia wapi? Wengi wetu tunasema tu "amepata wa bei rahisi". Inawezekana. Ila kuna sababu nyingine ambayo hatuiulizi. Hoho zilimwozea kwenye friji, akazitupa huku roho inamuuma, na sasa kila akiona tangazo lako anaikumbuka ile hela. Hakulaumu, maana mboga zako zilikuwa safi. Anakaa kimya tu.

Kipindi cha Korona kilionyesha wazi chakula kinatupwaje majumbani, kwa nini kinatupwa, na nini kinafanya kisitupwe. Anayeuza chakula akilielewa hili, wateja wake wanarudi. Twende kazi.

📌 KILICHOTOKEA

Tuchukue mfano wa Uingereza, kwa sababu kule kuna shirika linaitwa WRAP ambalo lilikuwa linawauliza watu kuhusu chakula wanachotupa kabla ya Korona, wakati wa Korona, na masharti yalipoanza kulegezwa. Liliangalia vyakula vinne vya kila siku: viazi, mkate, kuku na maziwa.

Machi 2020 hofu iliingia. Watu walibeba madukani kama vile kesho hakuna. Chama cha wauza rejareja cha kule kilisema ndani ya wiki tatu tu watu walikuwa wamejaza majumbani chakula cha ziada cha pauni bilioni 1. Tarehe 23 Machi ikatangazwa amri ya kubaki nyumbani.

Ungetegemea nini hapo? Chakula kimejaa ndani, basi kitaoza na kutupwa zaidi. Lakini ilikuwa kinyume. Novemba 2019, kiwango cha kutupa vile vyakula vinne, kwa maelezo ya watu wenyewe, kilikuwa wastani wa asilimia 24 hivi. Aprili 2020, watu wakiwa ndani, kikashuka hadi karibu asilimia 14. Halafu masharti yakaanza kulegezwa, watu wakarudi kwenye mihangaiko yao, na Juni kikapanda tena hadi karibu asilimia 18.

Kumbuka haya ni majibu ya watu wenyewe, hakuna aliyepita na mizani kupima mapipa yao. Lakini mwelekeo unaonekana: kilishuka, kikaanza kupanda.

📌 KWA NINI KILISHUKA?

Watu hawakugeuka watakatifu ndani ya mwezi mmoja. Mambo manne yalibadilika:

1️⃣ Waliangalia kabati na friji kabla ya kwenda dukani. Kutoka nje kulikuwa na masharti na foleni, kwa hiyo mtu alienda na orodha mkononi.

2️⃣ Walikuwa na muda. Viazi vilivyoanza kuchipua vilimenywa na kupikwa badala ya kusubiri wikiendi isiyofika.

3️⃣ Walijifunza kutunza: mkate kwenye friza, kuku kugawanywa kabla ya kugandishwa, kiporo kuliwa kesho yake.

4️⃣ Waliogopa. Kazi hazina uhakika, hela haijulikani itatoka wapi, na dukani huenda ukakuta rafu tupu. Kitu unachoogopa kukikosa hukitupi ovyo.

Sasa angalia kilichotokea Juni. Friji zilikuwa zilezile na watu walikuwa walewale. Kilichopungua ni muda. Mtu aliyechoka akirudi jioni hafungui droo ya mboga kuona nini kinataka kuharibika. Anakula kilicho rahisi.

Hilo ndilo jambo kubwa la kushika leo: chakula kingi hutupwa kwa sababu kiasi kilichonunuliwa hakikulingana na maisha ya yule aliyenunua. Uchoyo na ukosefu wa adabu havihusiki sana. Na nani anaamua kiasi kinachoingia kwenye ile nyumba? Mteja, ndiyo. Lakini na wewe unayepanga kapu lina kilo ngapi.

📌 KISA CHA UNGA

Mwezi huohuo wa Machi, unga wa ngano uliadimika madukani Uingereza. Kila mtu alikuwa ndani anaoka mkate. Je, unga uliisha nchini? Hapana. Wasaga unga walieleza kwamba kwa kawaida ni kama asilimia 4 tu ya unga wa kule unaouzwa madukani kwa pakiti ndogo. Unaobaki huenda viwandani na kwa waoka mikate, kwenye magari ya tangi au magunia makubwa. Ngano ilikuwepo, mashine za kusaga zilizunguka usiku na mchana. Kilichokwama ni kufunga pakiti ndogo. Baadhi ya wenye maduka madogo na waoka mikate walifanya jambo rahisi: walifungua magunia, wakapima vifurushi vidogo, wakawauzia majirani.

Huo ndio ubunifu wenyewe. Hawakuwa na bidhaa mpya wala mtaji mkubwa. Walikuwa na mizani, mifuko, na jicho la kuona kwamba mtu wa nyumbani hahitaji gunia.

📌 KWETU JE?

Huku kwetu mambo hayakuwa sawa kila mahali. Kenya iliweka kafyu kuanzia tarehe 27 Machi 2020. Rwanda na Uganda ziliwaambia watu wakae ndani. Tanzania shule zilifungwa katikati ya Machi, lakini watu hawakufungiwa majumbani, masoko yaliendelea. Pia nyumba nyingi zetu hazina friza, na wengi wananunua kwa fungu, cha leo leo. Kwa hiyo usizibebe zile asilimia za Uingereza ukazibandika Mbagala au Kawangware.

Lakini usidhani kutupa chakula ni tabia ya matajiri tu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao yake Nairobi, lilitoa ripoti mwaka 2021 likakadiria kwamba mwaka 2019 dunia ilitupa tani milioni 931 za chakula, na asilimia 61 ilitoka majumbani. Makadirio yake kwa mtu mmoja kwa mwaka yalikuwa kilo 99 Kenya na kilo 119 Tanzania. Humo yamo maganda na mifupa, siyo wali mtupu. Hata hivyo si kidogo.

Na mteja wako wewe wa mtandaoni ni yupi? Mara nyingi ni yule mwenye friji, mwenye kazi, asiye na muda wa kwenda sokoni. Yaani yule wa "Juni": ana nia nzuri siku ya kuagiza, amechoka siku ya kupika.

📌 "WAKITUPA KIDOGO, SI NITAUZA KIDOGO?"

Swali zuri, na usilikwepe. Tupige hesabu ya mfano, kisha weka namba zako.

Tuseme kapu lako ni shilingi 20,000 na faida yako ni 5,000. Mteja anatumia mboga za 14,000, za 6,000 zinaoza. Kichwani mwake ametoa 20,000 akala za 14,000. Akilinganisha na genge la jirani, anaona mtandaoni ni ghali. Anaagiza mara mbili, anaacha. Umepata faida ya 10,000.

Sasa tuseme unamuuzia kapu la 14,000, faida yako 3,000, linaisha lote. Wiki ijayo hana mboga, anaagiza tena. Ndani ya wiki nane umepata 24,000, na bado yupo.

Utasema: "Je, bodaboda? Safari nane zinakula faida." Ni kweli, na hapo ndipo wengi wanaanguka. Dawa yake ni siku maalum za mtaa. Jumanne Sinza, Alhamisi Tabata. Oda sita safari moja, nauli mnagawana. Usipofanya hivi, kapu dogo litakutia hasara. Nimekwambia mapema.

📌 CHA KUFANYA

✅ Uliza watu, usiulize kilo. Kabla ya "unataka kilo ngapi?" muulize: "Dada, nyumbani mko wangapi, na mnapika mara ngapi kwa wiki?" Mtu anayeishi peke yake na kula mchana kazini hahitaji kilo 3 za nyanya, hata kama yeye ndiye aliyeziomba.

✅ Panga kwa kuiva. Parachichi tatu: moja ya leo, moja ya keshokutwa, moja ya mwisho wa wiki. Nyanya hivyohivyo. Ziandike. Mteja akipata sita zilizoiva siku moja, umemuuzia mbili, nne umempa mbu.

✅ Funga kwa mlo. Kuku, samaki na nyama, funga nusu kilo au kiasi cha mlo mmoja. Pakiti ya kilo 2 iliyoganda pamoja inamlazimisha kuyeyusha yote, na anachoyeyusha bila kupika ndicho kinachoharibika.

✅ Tuma ujumbe wa utunzaji. Mfupi, wa WhatsApp, siku ileile ya mzigo: "Mchicha usiuoshe mpaka siku ya kupika, uviringishe kwenye kitambaa kikavu. Viazi viweke gizani, pakavu. Ndizi mbivu zitenge, zinaivisha wenzake haraka. Mkate usioisha leo ukate vipande, weka kwenye friza." Haikugharimu zaidi ya bando.

✅ Andika tarehe. Unga wa lishe, karanga za kusaga, achari: andika siku uliyofunga na mwisho wa kutumia. Na kilichopita muda usikiuze, hata kwa ofa. Kupunguza kutupa chakula siyo kumlisha mteja kilichoharibika.

✅ Punguza "nunua 2 upate 1" kwa vitu vinavyooza. Ofa hiyo ifanye kwa mchele, maharage, dagaa wakavu. Kwa mboga na matunda unahamisha tu uozo kutoka stoo yako kwenda friji ya mteja, na lawama inabaki na jina lako.

✅ Fuatilia siku ya nne. "Mama habari za nyumbani? Zile mboga za Jumanne zimebaki zipi?" Usiulize "ulizipenda?" maana atakujibu "ndiyo" kwa heshima tu. Akikwambia hoho zimebaki, wiki ijayo punguza hoho bila kuombwa. Hapo ataona unamjali kweli.

📌 STOO YAKO PIA NI NYUMBA

Somo hili linakuhusu na wewe. Machi 2020 watu walijaza ndani kwa hofu. Wewe je, huwa unajaza stoo kwa hofu kwamba bei itapanda? Tunasema akiba haiozi. Ya hela, sawa. Ya mchele, kwa muda wake, sawa. Lakini nyanya haijui methali. Pokea oda kwanza, funga oda saa mbili usiku, nenda sokoni alfajiri na orodha. Wale watu wa Aprili walipunguza kutupa kwa sababu walitoka na orodha, nawe unaweza kufanya hivyohivyo bila kusubiri janga.

📝 KAZI YA WIKI HII

Chagua wateja watano wa mwezi uliopita ambao hawajarudi. Wasikie wakwambie kitu kimoja tu: nini kiliharibika kabla hakijatumika. Usibishane, usijitetee. Andika majibu kwenye daftari, kisha punguza au gawanya upya kifurushi kimoja tu. Kimoja. Angalia kama wataagiza tena ndani ya wiki mbili.

Na ukitaka siku ya kulizungumza hili kwenye ukurasa wako, tarehe 29 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya kuhamasisha kupunguza upotevu wa chakula. Ilianza kuadhimishwa mwaka 2020, mwaka uleule wa Korona. Andaa tangazo lako mapema.

Sasa tuambie hapo chini kwenye komenti: unauza nini, na ni kitu gani wateja wako wanakwambia kiliwaozea? Tutasaidiana kupanga vifurushi. Na mtumie somo hili mwenzako anayeuza mboga, huenda leo ndiyo siku anajiuliza wateja wake wamekwenda wapi.