Niliyoyapata kwa Kusomea Mazingira kati ya Ruiru na Thika

Nilipowaambia watu wa nyumbani kwamba nimechukua kozi ya mazingira, shosho aliuliza swali moja tu: siku hizi kuna mtu wa kukulipa upande miti? Sikumlaumu. Kwenye habari, mazingira ni miche, jembe jipya na mheshimiwa anayepigwa picha akiinama. Miche ilikuwapo kwenye kozi, lakini kidogo. Kazi kubwa ilikuwa kukiandama kitu, kiwe maji, taka, sumu au hata karatasi, mpaka ujue kinamwangukia nani. Chuo kilikuwa upande wa Thika, nami nilikuwa nimepanga Ruiru, kwa hivyo mengine niliyaona dirishani mwa matatu kabla ya kuyasikia darasani.

1. Mto una kwao na una uendako

Kazi ya kwanza tuliyopewa ni kuchora njia ya maji ya mahali unapoishi, tangu yanakotoka hadi baharini. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu akitoka Ruiru kwenda Thika, safari ambayo usiku pasipo foleni hata usingizi haukolei, anavuka mpaka usio na kibao. Mto Ruiru unaungana na maji ya Nairobi na kuingia Mto Athi. Athi unateremka Ukambani, ukifika Tsavo unaitwa Galana, kisha Sabaki, na unamwaga maji yake baharini kaskazini mwa Malindi. Mito ya Thika na Chania nayo inakutana palepale mjini Thika, karibu na maporomoko ya Blue Posts, hoteli iliyoko hapo tangu 1908, halafu inaelekea Tana. Hayo ni maji yatakayopitia Masinga na mabwawa mengine ya kuzalisha umeme kabla ya kufika Kipini.

Kwa hivyo sabuni ya kufulia inayoponyoka kwenye ploti yetu Ruiru inaelekea Malindi, na ya mwenzangu aliyepanga Thika mjini inaelekea Kipini. Darasani tulikuwa na kijana wa Malindi. Alituambia kwao mvua za bara zikinyesha, bahari inageuka rangi ya udongo na wageni wa hoteli wanaulizana kulikoni. Ni udongo wa mashamba ya huku juu huo, uliokosa matuta ya kuuzuia.

Kuna pia maji yanayotupita tukiyatazama. Bwawa la Ndakaini kule Murang'a lilikamilika 1994, linahifadhi mita za ujazo milioni 70, na maji yake husafishwa Ng'ethu kisha huenda Nairobi. Hata bwawa linaloitwa la Ruiru lilijengwa kwa ajili ya Nairobi. Baadaye barabara kuu ya Thika ikazinduliwa, Novemba 2012, na watu wakaifuata. Sensa ya 2009 iliipa Ruiru wakazi 238,858. Ya 2019 ikaipa 490,120. Mji ambao wengi waliujua kama mahali pa kushushia abiria ukawa wa nne nchini, mbele ya Eldoret na Kisumu. Mabomba hayakukua kwa kasi hiyo. Ndiyo maana katika mtaa wetu mwenye mkokoteni wa mitungi ya lita 20 anajulikana kwa jina, na namba yake ya simu imeandikwa kwa chaki kwenye lango.

2. Pima kwanza, kasirika baadaye

Kwenye maabara kuna kipimo cha chupa ya kioo ya mililita 300. Unaijaza maji ya mto hadi juu kabisa pasibaki hata povu moja la hewa, unaiziba, unaiweka gizani kwenye nyuzi 20 kwa siku tano. Kisha unapima oksijeni iliyobaki. Iliyopungua imetumiwa na vijidudu kula uchafu uliomo. Jinsi uchafu ulivyo mwingi ndivyo walivyovuta pumzi nyingi. Kanuni za Kenya za ubora wa maji, za 2006, zinamtaka anayemwaga maji taka mtoni asizidi miligramu 30 kwa lita kwenye kipimo hicho.

Tulichukua maji ya aina mbili: ya mfereji unaopita karibu na viwanda vya ngozi, na ya kijito kilicho chini ya kiwanda cha kahawa, msimu wa kuchuma, pale buni zinapomenywa na kuoshwa. Pua zote zilipiga kura dhidi ya ngozi. Chupa ya kahawa ndiyo iliyoishiwa oksijeni mapema, ikabidi tuzimue maji yake mara nyingi ndipo kipimo kisome kitu. Sababu yake ni ule utelezi mtamu unaozunguka buni. Umejaa sukari, vijidudu wanausherehekea, na samaki wanakosa pumzi. Mandhari ya shamba la kahawa ni ya kijani na ya kupendeza, na hakuna mpiga picha anayekwenda kuangalia shimo la maji ya kuoshea.

Ngozi haikuoshwa dhambi kwa hilo. Kromu inayotumika kutengenezea ngozi isioze, yenyewe haiozi, kwa hivyo chupa ile haiioni kabisa. Inahitaji kipimo chake. Tangu hapo, mtu akiniambia maji ni safi kwa kuwa yamepimwa, nauliza yamepimwa nini.

3. Sufuria haiondoi kila kitu

Ploti nyingi za Ruiru na Juja zinategemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Maji yanatoka kwenye miamba ya volkeno, na mengi yana floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Keateka wetu aliyasifu kuwa ni maji ya chini kabisa, hayajaguswa na mtu. Kweli hayakuguswa na mtu.

Jirani yangu, mama wa watoto wadogo, aliniuliza, "Sasa mimi nachemsha ya nini?" Nilimwambia, "Endelea kuchemsha, mama, vijidudu vinakufa. Lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yakipungua kwenye sufuria, yenyewe inabaki palepale." Madoa ya kahawia hutokea wakati meno ya mtoto yanapojijenga ndani ya ufizi. Mpangaji aliyehamia hapa akiwa mtu mzima hatayapata. Ya mtoto aliyezaliwa hapa ndiyo yanayoharibika. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa, vilivyotumika miaka mingi upande wa Nakuru. Kwa mpangaji wa chumba kimoja, njia iliyo karibu ni kukinga maji ya mvua na kuyatenga yawe ya watoto kunywa. Mama yule alinunua pipa. Mwenye nyumba akalalamika linaharibu sura ya ua.

4. Kahawa ya Ruiru na ploti za 50 kwa 100

Ruiru ina kituo cha utafiti wa kahawa, na mwaka wa 1985 kilitoa aina inayoitwa Ruiru 11. Inastahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa ambayo kabla yake yalimlazimu mkulima kupiga dawa za shaba mara kwa mara, msimu baada ya msimu, na shaba ikarundikana udongoni. Tena ni fupi: hekta moja inaingia kama mikahawa 2,500, karibu mara mbili ya aina za zamani. Huo kwangu ni uhifadhi wa mazingira kuliko mabango mengi ya barabarani, ingawa hakuna anayeuita hivyo.

Nje ya ua wa kituo, mikahawa inang'olewa. Mashamba makubwa ya zamani yamekuwa mitaa, na Tatu City yenyewe imesimama kwenye ardhi ya kahawa. Watafiti walizalisha mkahawa unaoshinda kuvu. Wa kuishinda ploti ya futi 50 kwa 100 bado.

5. Siku hizi mahakama inakusikiliza hata usipodhurika

Sheria ndilo somo lililowalaza wengi usingizi. Kwangu ndilo lililonifungua macho. Mwaka wa 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jumba la orofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park. Jaji Dugdale akaitupa kesi: mlalamishi hakuwa ameonyesha kwamba jumba lile lingemdhuru yeye binafsi, basi hakuwa na haki ya kushtaki. Jumba halikujengwa, lakini si kwa sababu ya mahakama. Kelele zilivuka mipaka na pesa za nje zikakosekana.

Sheria ya mazingira ya 1999 ilianza kulegeza kamba hiyo. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 42, ikampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kikasema wazi kwamba anayekwenda mahakamani kuitetea halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikitoa leseni usiyoridhika nayo, una siku 60 za kukata rufaa kwenye baraza maalumu la mazingira.

Tulitumwa kukaa kwenye baraza moja la wananchi kuhusu nyumba za orofa zilizopangwa kando ya mto. Mshauri wa mradi alieleza ajira, lami, taa za usalama. Mzee mmoja akainuka na fimbo yake: "Kijana, mimi sijasoma. Watu wote hao wakienda haja, inaelekea wapi?" Mshauri akafungua ripoti, akaifunga, akaifungua tena. Kanuni zinataka ukingo wa mto uachwe wazi kati ya mita 6 na 30 kila upande, kutegemea upana wa mto. Ukurasa wa kuonyesha hivyo haukupatikana siku ile. Kinachonikera ni kwamba waliohudhuria walikuwa wachache, na nusu walikuja kwa ajili ya soda.

6. Gari la taka linabeba maji

Tulitandaza turubai uani, tukavaa glavu, tukamwaga taka za jengo moja la wapangaji, tukazichambua na kuzipima. Kwa macho, plastiki ilijaa kila mahali. Kwa mizani, ilikuwa nyepesi. Uzito ulikuwa kwenye maganda ya ndizi na viazi, sukuma wiki iliyonyauka, ugali wa juzi, na nepi. Lori linalopanda Kang'oki, jaa la Thika, limebeba chakula kilicholowa kwa gharama ya dizeli, na kikifukiwa bila hewa kinatoa methani.

Sheria ya taka ya 2022 inatutaka tutenge zinazooza na zisizooza. Watu wa jengo lile walijaribu. Waliacha siku walipoona lori likizichanganya tena mbele ya macho yao, na mimi nisingewahubiria. Waokota taka ndio wanaotenga kwelikweli. Mmoja wao alitambua aina za plastiki kwa mlio tu zikikunjwa, akatuaibisha sote tuliokuwa tukitafuta namba zilizochapwa chini ya chupa.

7. Mti una mahali pake

Kwa ajili ya shosho, miti nayo. Novemba 13, 2023, serikali ilitupa likizo tupande, sehemu ya lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032. Vizuri. Lakini mwaka wa 2009 waziri wa mazingira, hayati John Michuki, alikuwa akiagiza mikaratusi ing'olewe kando ya mito kwa sababu inakunywa maji mengi. Mche wa bure bila kuuliza ni wa mti gani, wa wapi, na nani ataumwagilia Januari, mimi siuchukui.

8. Anayeandika ripoti analipwa na mwenye mradi

Hili halimo kwenye vitabu, nililikuta kwenye atachimenti. Tathmini ya athari kwa mazingira, na ukaguzi wa kila mwaka unaofuata, huandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA. Mwenye kumwajiri na kumlipa ni mwenye mradi. Wako wanaofanya kazi kwa haki, nimefundishwa na mmoja wao. Wako pia wanaobadilisha jina la mto na tarehe kwenye ripoti ya mwaka jana.

Yule aliyenifundisha alikuwa haanzi na vitabu vya mradi wala chai ya meneja. Aliomba bili ya maji ya miezi sita na risiti za gari la kunyonya maji taka. Wahandisi hukadiria kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia kwenye nyumba hutoka yakiwa taka. Unatoa yanayonywewa na udongo kwenye shimo, unalinganisha na yaliyobebwa na gari, na kilichobaki lazima kiwe na njia. Nami siku hizi ndivyo ninavyoanza. Mwenye jengo la vyumba 40 akiniambia kwa fahari kwamba tangi lake la maji taka halijawahi kujaa, ninamwomba tuzunguke upande wa nyuma.