Kichwa cha ukurasa na alama ya lugha

Tovuti yenye lugha zetu nne za taifa inahitaji kichwa tofauti kwa kila lugha. Katika WordPress, kichwa cha kawaida kimo katika faili header.php. Tengeneza nyingine, header-sw.php, kisha kiolezo cha kurasa za Kiswahili kiiite kwa get_header('sw'). Humo utabadili picha, rangi na menyu.

Lakini kwanza andika alama ya lugha: lang="sw" kwa Kiswahili, "ln" kwa Kilingala, "kg" kwa Kikongo, "lua" kwa Ciluba; "lu" ni Kiluba cha Katanga. Ukiacha "fr", programu inayomsomea kipofu kwa sauti itafuata matamshi ya Kifaransa: ch ya "chakula" itasikika kama sh ya "shule". Mwenzetu huyo haoni rangi zetu. Anategemea alama hiyo.