Tundu la kiini si tundu tupu

Wanachuo wenzangu wa ualimu, siku moja mwanafunzi atatuuliza: kama kiini cha seli kina matundu, mbona vitu havipiti ovyo?

Tuchukue hamira ya maandazi. Kila tundu la kiini chake limejengwa kwa protini kama 550, za aina 30 hivi, zilizopangwa kwenye duara lenye sehemu nane zinazofanana. Katikati kumejaa vijiuzi laini vya protini.

Kwetu Musoma ningetumia wavu wa sangara: dagaa anapenya, sangara ananasa. Ila mfano unaishia hapo, maana protini kubwa nayo hupita ikibebwa na protini mpagazi, inayoshika vijiuzi na kuachia, kushika na kuachia.

Mpangilio ukivurugika je? Mwaka 1994 watafiti waliripoti kuiondolea hamira protini moja tu, Nup133. Matundu yakarundikana pamoja. Kwenye nyuzijoto 37, ambazo hamira ya kawaida inazimudu, ujumbe wa jeni ulikwama ndani ya kiini na seli zikashindwa kukua.

Basi tukichora kiini ubaoni, tusiishie kuweka vitone. Tufundishe na kazi yake.